Kumsimulia Bibi Madame X

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Kirongwe, kaskazini mwa Kisiwa cha Mafia, nikiwa na kompyuta na filamu moja ya kuandikia insha ya darasa la uzamili: Madame X ya mwaka 1929, iliyoongozwa na Lionel Barrymore kwa kampuni ya MGM. Nilikwisha kuiona mara mbili chuoni, na hukumu nilikuwa nayo tayari. Filamu imechakaa.

Sababu ninazo, nilijiambia. Wakati ule sauti ilikuwa jambo jipya Hollywood. Vinasa sauti havikuhamishika kirahisi, hivyo waigizaji wanasimama mahali pamoja na kusema kama wako jukwaani. Hadithi yenyewe ilitoka jukwaani, katika tamthilia ya Mfaransa Alexandre Bisson ya mwaka 1908. Tena kuna sadfa isiyomezeka. Jacqueline anamwacha mume na mtoto. Anarudi mtoto akiwa mgonjwa, mume anamfukuza. Miaka mingi baadaye, akiwa amezama kwenye ulevi, anamuua mwanamume anayetaka kuitumia siri yake kujipatia fedha. Kortini anakataa kutaja jina lake, asije akamwaibisha mwanawe. Na wakili kijana aliyepangiwa kumtetea ni nani? Mwanawe huyo huyo.

Usiku mmoja Bibi, mama yake baba, alinikuta barazani nikiitazama tena. Akaketi mkekani.

"Nisimulie, mume wangu. Wanasema nini hao?"

Nikairudisha mwanzo, nikamsimulia kama wale jamaa wa mabanda ya video, nikiwapa Wazungu lafudhi ya kwetu. Bibi alicheka sana. Tulipofika mahali mume anamtoa mkewe nje, akasema, "Simamisha."

Nikasimamisha.

"Mtoto alijua kwamba mamake alikuja?"

"Hakujua, Bibi."

Akanyamaza kitambo. "Na wewe hukujua."

Nilikuwa na miaka sita. Nilishikwa na homa kali, na mama, ambaye alikuwa ameachika na kuhamia Dar es Salaam, akapata habari. Alivuka bahari kutoka Nyamisati, akafika kwetu usiku. Bibi alimjibu kupitia dirishani kwamba mtoto amelala, arudi alikotoka.

"Baba yako alinikataza kumfungulia," Bibi alisema. "Lakini komeo lilikuwa mkononi mwangu."

Miaka yote hiyo niliambiwa kwamba mama hakuja.

Nikataka kuizima kompyuta. Bibi akanishika mkono. "Endelea. Nataka kuona korti itamwambia nini yule mwanamume."

Haikumhukumu. Hapo ndipo nilipouona udhaifu mkubwa wa filamu hii, ambao mara mbili ulinipita. Mume, anayeigizwa na Lewis Stone, anahuzunika, lakini hakuna anayemsimamisha kizimbani kumuuliza kuhusu usiku ule. Anayeshtakiwa ni mwanamke peke yake, na filamu inamsamehe kwa kumuua.

Nguvu yake nayo niliiona usiku huo. Katika miaka ambayo Hollywood ilikuwa ikijivunia kupata sauti, Ruth Chatterton anaigiza mwanamke anayekataa kusema. Anapotambua wakili wake ni nani, uso wake unabeba yote, na ule usimamaji wa kijukwaa niliouita uchakavu unatulazimisha kumtazama. Hata sadfa nikaielewa. Ni njia pekee iliyobaki ya kuwaingiza mama na mtoto katika chumba kimoja, mmoja akilazimika kumsemea mwenzake. Nje ya filamu hakuna korti inayokupangia kazi hiyo. Mimi nilifika umri wa miaka ishirini na sita, na kila mama aliposemwa vibaya mbele yangu, nilikaa kimya.

Bibi aliomba nimwagie maji miguuni, akaenda kulala bila kuniaga.

Asubuhi nikampigia mama. Baada ya shikamoo nikamuuliza kama ni kweli.

"Nani kakwambia?"

"Bibi."

Nikasikia pikipiki zikipita upande wake, ndipo akasema, "Ulikuwa unakohoa. Nilisimama pale dirishani mpaka ukanyamaza."