Kinubi cha Paris, Kanuni ya Unguja

Yupo mwalimu Kidodi, wilayani Kilosa, mzaliwa wa Unguja, ambaye jioni, malori ya miwa yanapopungua katika barabara itokayo Mikumi, aghalabu husikiliza kipande kimoja tu cha muziki: "La Source", yaani Chemchemi, utungo wa Alphonse Hasselmans. Majirani humshangaa. Kinubi cha Wafaransa kina nini na mtu aliyelelewa kwa taarabu?

Kina mengi. Hasselmans alizaliwa Liège, Ubelgiji, mwaka 1845, na kuanzia 1884 hadi alipofariki mwaka 1912 alisomesha kinubi katika chuo kikuu cha muziki cha Paris. Tungo zake nyingi zilikuwa za sebuleni: fupi, nyororo, za kupendeza kuliko kushtua. Wahakiki wamezoea kuziita nyepesi, na hukumu hiyo ina haraka. Kinubi cha Érard chenye pedali 7, kila pedali na daraja zake tatu, kilikwisha kuundwa tangu 1810. Lakini ala isiyo na tungo wala mwalimu ni samani tu. Vipande vile vyepesi ndivyo vilivyofunza vidole. Chini ya mkono wake alitoka Henriette Renié, aliyetwaa tuzo ya kwanza ya chuo akiwa na miaka 11, naye akaja kutunga tungo nzito ambazo hakuna awezaye kuziita pambo la sebule.

Ama Unguja, miaka hiyohiyo, husimuliwa kuwa Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni. (Ni jina la ajabu kwa Mswahili: sheria na ala kwa tamko moja.) Nayo ilikuwa sauti ya sebule, tena sebule ya kifalme. Haina pedali, hulazwa mapajani, nyuzi zake zimepangwa tatu tatu, na hudonolewa kwa vijiti vilivyofungwa kwenye vidole vya shahada. Mwaka 1905 ikaanzishwa Ikhwani Safaa, na muziki ukawa na makao nje ya kasri.

Ami yake mwalimu alikuwa mpiga kanuni. Mpwa alipewa kuibeba, hakupewa kuipiga, kisha akaja bara kusomesha. Tangu hapo vikundi vingi vimeshika kinanda cha umeme, ambacho kwa kawaida yake hakizijui zile sauti zikaazo baina ya sauti mbili, na ndizo roho ya maqamu. Hilo humuuma kuliko umbali wa kwao.

Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Unguja mwaka 2002, kimewafunza kanuni vijana wengi, wasichana wakiwamo. Mwalimu aliwaeleza hayo wanafunzi wake. Baada ya kipindi mmoja wao, binti wa Kividunda, alibaki nyuma akauliza, "Shikamoo mwalimu, nauli ya boti ni kiasi gani?"