Saa 6 ya kompyuta si saa sita ya Ami

Nimenyamaza kwa muda, na leo sina habari za simu mpya. Nina makosa yangu mwenyewe ya kuwasimulia, huenda yakamfaa mwingine anayeandika programu kwa ajili ya watu wa kwao.

Kwetu ni Vanga, Kwale, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Ami yangu ni mvuvi, ana dau la tanga na mabaharia wawili. Mwaka 2024 nilipokuwa likizoni nilimwahidi, "Ami, nitakuandikia programu ikutumie utabiri wa upepo kila jioni." Simu yake ni mulika mwizi, kwa hiyo SMS ilitosha.

Data ni ya bure. Modeli ya Marekani iitwayo GFS huigawa dunia katika miraba ya nyuzi 0.25, yaani kama kilomita 28 kila upande, na hufanya hesabu upya mara nne kwa siku. Haikupi jina la upepo. Inakupa namba mbili tu kwa mita kwa sekunde: u ya kuelekea mashariki na v ya kuelekea kaskazini. Siku ya kwanza nilipata u = -4 na v = 6. Pythagoras akanipa mita 7.2 kwa sekunde, sawa na kilomita 26 kwa saa. Rahisi! Kwa mwelekeo, programu ikaandika "kaskazini magharibi".

Ami akapiga simu huku anacheka. "Mwanangu, Julai hii upepo utoke bara mchana kutwa? Huu ni kusi!" Alikuwa sahihi. u na v huonyesha upepo unakokwenda, ilhali mabaharia na wataalamu wa hali ya hewa huutaja kwa unakotoka. Nikaongeza nyuzi 180, yakaisha.

Kosa la pili halikuchekesha. Jioni moja SMS ilisema, "Saa 6: km 34." Ami alisoma kama msomaji yeyote wa Kiswahili: saa sita mchana. Akatoka na umande, ule upepo wa alfajiri utokao bara, akipanga awe amerudi saa tano. Kumbe 06 ile ilikuwa ya UTC. Kenya iko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo ni 09:00, nayo kwetu huitwa saa tatu asubuhi.

Upepo ukawakuta nje ya mwamba. Nguvu yake juu ya tanga hupanda kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Tanga lilichanika. Walirudi jioni kwa makasia, mke wake akiwa amesimama ufukweni tangu adhuhuri.

Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hii saa yako ni ya nani?" Sikuwa na jibu. Nina digrii ya kompyuta, na UTC naijua tangu mwaka wa kwanza chuoni, lakini sikuwahi kufikiri kwamba namba 6 ina wasomaji wawili.

Siku hizi programu huandika kwa maneno: "saa tatu asubuhi". Nimeongeza jambo lingine pia. Mraba wa kilomita 28 huchanganya bahari, mikoko na mashamba, na umande huletwa na tofauti ya joto kati ya nchi kavu na maji, kwa hiyo modeli mara nyingi haiuoni vizuri. Basi kila akirudi Ami hunijibu kwa SMS: upepo ulianza lini, ukitokea wapi. Naandika daftarini, na utabiri naurekebisha kwa maneno yake.

Wewe mwandishi wa programu, kabla hujaonyesha saa yoyote kwenye kioo, jiulize swali la Ami. Tuonane tena, inshallah.