Mtoto si mjinga, hajafunzwa kupanga

Wasee, tuongee kuhusu insha. Sisi wa KCPE tulipewa dakika 40, alama 40, na mimi sikumbuki mtu akinionyesha jinsi ya kupanga mawazo. Tulikariri tu: jogoo akawika, nikaamka alfajiri na mapema, hata kama insha ni ya ajali.

Juzi ndugu yangu mdogo wa Gredi 4 alikuwa analia mbele ya karatasi tupu. "Mimi ni mjinga," akasema. Hiyo iliniuma, juu huyu mtoto akianza kukusimulia vile mbuzi wa shosho alitoroka, hanyamazi.

Nikachora duara, nikaandika "mbuzi" katikati. Nikatoa mistari kama miguu ya buibui: Alitoroka vipi? Nani alimwona? Ulisikia nini? Akajaza neno moja moja. Kisha tukachora visanduku vitatu, mwanzo, kati na mwisho, akapanga maneno yake humo. Akaandika ukurasa mzima. Jogoo hakuwika.

Kufikiria na kuunda sentensi ni kazi mbili. Mtoto akizibeba pamoja, anakwama.

Kuna watakaosema michoro itafanya watoto wote waandike sawa. Kwani sisi tulikuwa tunaandikaje? Mchoro ni kama mbao za mjengo: ukuta ukisimama, zinatolewa. Ila usimjazie visanduku wewe. Hapo umemrudishia jogoo.

Kabla useme mtoto hajui kuandika, muulize kama kuna mtu amewahi kumfunza kupanga.