Trauti wa Mto Gura

Msafiri atokaye Nyeri mjini kwenda Othaya huvuka mto Gura, ambao maji yake hutelemka kwa kishindo kutoka milima ya Nyandarua. Akitia mkono majini asubuhi, atautoa upesi kwa baridi. Humo huishi samaki asiye mwenyeji wa nchi hii, jina lake trauti.

Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliwaleta wa kwanza kutoka Loch Leven, huko Uskoti. Reli ilikuwa bado haijafika Nyeri. Aina ya pili, yenye utepe mwekundu ubavuni, ililetwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1910, na mwaka 1948 serikali ikajenga kituo cha kutotoa mayai yao huko Kiganjo. Kuvua kulikuwa mchezo wa Wazungu wenye vyeti. Wakikuyu wa zamani hawakula samaki kabisa, na wengi walimhesabu kuwa ndugu wa nyoka.

Jike huchimba shimo katika changarawe kwa mkia wake, hutaga, na dume akiisha kuyarutubisha mayai, huyafukia. Mayai huvuta hewa iliyomo katika maji yapitayo kati ya vijiwe. Maji yakiwa na baridi ya digrii 10, huanguliwa baada ya mwezi hivi. Lakini mvua ikichukua udongo wa shamba lisilo na matuta na kuumwaga mtoni, matope huziba changarawe, na mayai hufa kwa kukosa hewa. Katika vituo vya ufugaji hatari hiyo huepukwa: jike hukamuliwa mayai katika bakuli, kazi ambayo mwenye ng'ombe hataiona ngeni sana.

Huko Ulaya, baadhi ya jamaa za trauti wa Gura huteremka hadi baharini, hunenepa, kisha hurudi mtoni kutaga. Wa Gura hawawezi. Maji yao huingia Sagana, kisha Tana, na kufika bahari ya Hindi karibu na Kipini. Bali njiani huwa ya moto, na kadiri maji yapatavyo joto ndivyo hewa iliyomo ipunguavyo. Maji yapitayo digrii 20 na kitu humdhoofisha trauti. Basi amefungiwa juu, penye msitu na kivuli.

Upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya hali ni ngumu zaidi. Naro Moru, Burguret na Liki huingia Ewaso Ng'iro, mto usiofika bahari bali huishia katika kinamasi cha Lorian. Mifereji na mabomba ya mashamba huyateka maji hayo mapema, na tangu miaka ya 1980 Ewaso Ng'iro umekauka mara kadhaa katika sehemu zake za chini. Sheria ya Maji ya 2002 iliwapa wenyeji njia ya kuunda vyama vya kugawana maji, wa juu wakumbuke wa chini. Ugomvi haukwisha, ila sasa una mahali pa kusikilizwa.

Mwezi wa Februari, mito ikipungua, trauti hujikusanya katika vidimbwi vyenye kina, chini ya miti ambayo haijakatwa.