Lilongwe: Mji Mkuu Ambao Kanisa Lake Kuu Liko Ziwani

Kutoka Dzaleka, wilayani Dowa, hadi Lilongwe ni mwendo wa kilomita zipatazo 45. Dzaleka palikuwa gereza la wafungwa wa siasa enzi za Rais Kamuzu Banda, pakageuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Leo wamo watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika humo tangu sokoni hadi kwenye ibada. Mwanglikana miongoni mwao, aliyezoea kwamba mji mkubwa hauwi bila kanisa kuu, akifika Lilongwe hulitafuta asilione.

Lilongwe ni mji mkuu mpya. Ulishika nafasi ya Zomba mwaka 1975, na hata leo mitaa yake mingi huitwa kwa namba, kama kwamba majina yaliwaishia wapimaji. Dayosisi ya Ziwa Malawi iliundwa mwaka 1971. Ofisi za askofu zimo mjini, lakini kiti chake kipo Nkhotakota, ufukoni mwa ziwa, katika Kanisa la Watakatifu Wote. Ili kufahamu kwa nini, yatupasa kurudi nyuma zaidi ya karne moja na nusu.

Mwaka 1861 Askofu Charles Mackenzie, akiongozwa na Dk. Livingstone, alifika Magomero, kusini mwa Malawi ya leo, akaanzisha makazi pamoja na watumwa waliokombolewa njiani. Wamisionari hao walishika bunduki kuwapiga Wayao waliokamata watumwa, jambo lililowaletea lawama kubwa kwao Uingereza. Januari 1862 mtumbwi wa askofu ulipinduka na dawa zikazama mtoni. Homa ikamwua kwenye makutano ya mito Ruo na Shire. Askofu Tozer aliyemrithi aliona bara halikaliki, akahamishia misheni Unguja mwaka 1864.

Uamuzi huo ulilaumiwa na wengi. Kwa maoni yangu, sisi wasemaji wa Kiswahili tuna deni nao. Huko Unguja Edward Steere alikichunguza Kiswahili na kutafsiri Maandiko. Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, jiwe la msingi la kanisa kuu la Mkunazini liliwekwa mahali pale pale siku ya Krismasi ya mwaka huo huo. Yasimuliwa kwamba Steere alipokuwa safarini mafundi walisimamisha baadhi ya nguzo vichwa chini. Hata leo zipo hivyo. Yeye mwenyewe alizikwa nyuma ya altare mwaka 1882.

Kutoka Unguja misheni ilirudi ziwani. William Percival Johnson na wenzake walifanya kisiwa cha Likoma kuwa makao mwaka 1885, kwa kuwa maji yaliwakinga na mashambulizi. Kanisa la Mtakatifu Petro lilianza kujengwa mwaka 1903 na kuwekwa wakfu mwaka 1911. Kulikuta jengo kubwa namna ile kisiwani, kati ya mibuyu na mitumbwi ya wavuvi, ni jambo la kushangaza.

Nkhotakota ndipo palipo na kisa kinachomhusu zaidi mtu wa Dzaleka. Hapo Jumbe, mfanyabiashara kutoka pwani, aliweka makao katikati ya karne ya 19, akivusha watumwa ng'ambo ya ziwa kuelekea Kilwa. Yeye na watu wake walisema Kiswahili. Lugha iliyofika na bwana wa misafara sasa inasemwa Malawi na watu waliokimbia vita. Nao hawatembei wapendavyo: mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warejee kambini, na polisi wakaitekeleza amri hiyo.

Kwenda Nkhotakota hupitiwa Salima, kisha barabara hufuata ziwa kuelekea kaskazini. Ndani ya kanisa hilo limo kaburi la Askofu Chauncy Maples, aliyezama ziwani Septemba 1895 chombo chake kilipopigwa na dhoruba, akirejea Likoma kutoka Uingereza alikowekwa wakfu miezi michache kabla.