Kisu cha Guka Hakikupigana Burma

Wiki jana binamu yangu alipata mteja wa kisu cha Guka. Ni kisu cha kukunja, mabapa matatu, mpini wa mfupa. Bei: elfu kumi na tano. Hiyo pesa si ya kisu jamani, ni ya stori. Kwetu kila mtu anajua Guka alirudi nacho kutoka Burma 1945, akiwa askari wa KAR. Nikiwa darasa la tano niliiandikia insha.

Mteja alitaka tu picha za karibu, na simu yenye kamera poa ni yangu. Nikachukua mswaki mzee na mafuta ya cherehani, nikasugua pale bapa linapoingilia mpini. Maandishi yakatokea: CASE XX, halafu U.S.A., halafu chini vinukta vidogo kama mayai ya chawa. Saba.

Hapo ndipo nilijiharibia siku. Case ni kampuni ya Bradford, Pennsylvania, na Marekani kuna watu wanakusanya visu vyao vya zamani kama wazimu. Wao husoma hiyo chata vile sisi tunasoma namba ya gari na kujua kama ni jipya. Kuanzia 1940 hadi 1964 kiwanda kiliandika CASE XX pekee. 1965 wakaongeza U.S.A. Halafu 1970 wakaweka nukta kumi chini yake, na kila mwaka wakawa wanatoa moja, mpaka 1979 ikabaki moja. Piga hesabu. Nukta saba ni 1973.

"Lakini si unaona vile kimechakaa?" binamu akasema. Buda, kuchakaa si umri. Chuma kinachoshika kutu, ukikinoa kwa jiwe kila asubuhi, bapa linakonda haraka sana. Kingine cha umri huohuo kimelala kwenye droo na bado kinang'aa. Nikafikiria labda bapa lilibadilishwa, nikacheki pini za mpini. Hazijawahi kuguswa.

Na tushukuru ni kisu cha kiwanda. Vile vya fundi mmoja, vya kutengenezwa kwa mkono, mara nyingi havina mwaka popote. Unalinganisha vile fundi alivyokuwa akipiga jina lake miaka tofauti, unaangalia vifaa. Kikiwa na kibanio cha kukining'iniza mfukoni, ni vigumu kiwe cha kabla ya 1981, Spyderco walipoleta chao. Kikiwa na ile kufuli ya ndani aliyoiboresha fundi Mmarekani Michael Walker, uko miaka ya themanini kuja huku. Unapata "si kabla ya", basi.

Nikampigia Shosho. Nilizungukazunguka weee, mwishowe nikauliza. Akacheka.

"Cha Burma tuliuza, tukalipia baba yako mkubwa karo. Hicho Guka wako alipewa na Mmarekani aliyekuwa akifundisha hapa shuleni. Watu wakaendelea kusema Burma, na yeye akanyamaza."

"Na mbona hukutuambia, Shosho?"

"Kwani mliniuliza?"

Binamu anasema tuuze tu, mteja mwenyewe ndiye anataka stori. Mimi nimekataa, na si eti mimi ni mtakatifu. Guka alienda Burma kweli. Siku mtu atahesabu hizo nukta, hatasema kisu ni cha 1973. Atasema huyo mzee hakuwahi kukanyaga Burma, alikuwa mwongo. Na kile kisu cha ukweli, kilichomsomesha baba mkubwa, hakuna atakayekumbuka kilikuwepo.

Nikamtumia mteja picha na mwaka. Akashuka hadi elfu nne. Binamu hajibu jumbe zangu tangu Alhamisi. Kisu kiko kwangu, kwenye kopo la majani chai, na karatasi imeandikwa: "1973. Kutoka kwa mwalimu. Kile kingine kiliuzwa, karo."