Barua ya Mjomba Kuhusu Visu vya Mgahawa

Karema, Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi

Kwa mpwa aliyeko Mpanda,

Barua hii inaandikwa kwa sababu ya habari iliyofika Karema pamoja na wachuuzi waliotoka mjini kununua migebuka, nayo inasema kwamba mpwa, ambaye anakaribia kufungua mgahawa wake jirani na kituo cha reli cha Mpanda, amepatana na mtu wa kutembeza bidhaa ili achukue kwa mkopo seti ya visu 14 vilivyopangwa ndani ya kiweko cha mbao, na kwamba ameshatoa malipo ya kwanza kutoka katika fedha za mtaji. Habari hiyo imemkosesha mjomba usingizi, kwa kuwa mtu aliyepika miaka 31 katika jiko la shule ya bweni hawezi kusikia seti na mkopo vikitajwa kwa pumzi moja akanyamaza.

Kisu cha jikoni kina sehemu tatu ambazo mnunuzi hana budi kuzikagua: bapa, yaani chuma chenyewe, chenye makali upande mmoja na mgongo upande wa pili, mkia, yaani kipande cha chuma hicho kinachoendelea na kuzama ndani ya mpini, na mpini wenyewe. Seti zinazotembezwa mitaani huuzwa kwa rangi ya mpini na mng'ao wa bapa, ilhali jiko la mgahawa wa wali, ugali, nyama na samaki lina kazi ya visu vitatu tu. Kimoja ni kikubwa, chenye bapa la sentimita 20 hivi, cha kukatia nyama, kabichi na vitunguu. Cha pili ni kidogo, cha sentimita 8 hadi 10, cha kumenyea na kupasulia samaki. Na cha tatu ni chenye meno, cha mkate na nyanya, ambacho kinaweza kuwa cha bei ya chini kabisa kwa sababu hakihitaji kunolewa mara kwa mara. Visu 11 vinavyosalia vitakaa ndani ya kiweko vikila unyevu, huku deni lake likidaiwa kila mwisho wa mwezi.

Ubora wa bapa huanzia katika kaboni, ambayo ni kitu kile kile kilichomo ndani ya makaa, kwani chuma chenye kaboni kidogo hakikubali kuwa kigumu hata kikipashwa moto namna gani. Nondo ya kujengea ina kaboni ya karibu asilimia 0.2, kwa hiyo kisu cha nondo kikinolewa asubuhi huwa butu kabla ya adhuhuri. Springi ya gari la mizigo, yaani zile sahani ndefu za chuma zilizopandana chini ya bodi, huwa na asilimia 0.6 hivi, na ndiyo maana wahunzi huitafuta. Mhunzi anayejua kazi huipasha mpaka iwe nyekundu na sumaku isiweze kuishika tena, huizamisha ghafla katika mafuta ili iwe ngumu, kisha huirudisha kwenye moto mdogo ili ugumu huo usivunjike kama kioo. Kisu cha namna hiyo hushika kutu kikiachwa na maji, na huwa cheusi kikikata limau, lakini kikifutwa kila baada ya kazi humzeekea mwenye nacho. Katika hili watu wa upande huu hawana sababu ya kujiona wageni, kwa kuwa majirani wa kusini, Wafipa, waliyeyusha chuma kwa malungu, yaani tanuru za udongo ndefu kupita kimo cha mtu, ambazo zilivuta hewa zenyewe bila mivukuto, kisha wakakisafisha katika tanuru ndogo kabla ya kukifua. Na babu mzaa mama wa mjomba alikuwa mmoja wa waliofua.

Chuma kisichoshika kutu ni jambo la baadaye, nacho huhusishwa zaidi na Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Sifa yake hutokana na kuchanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, kwa sababu maandishi yaliyochapwa kwenye bapa ya kwamba halishiki kutu hayasemi neno lolote kuhusu makali. Hata kijiko hakishiki kutu. Visu vizuri vya kiwandani vya bei ya kati huwa na kaboni ya karibu asilimia 0.5 pamoja na kromiamu ya karibu asilimia 15, na vile vya mpini wa plastiki wanavyotumia wauza nyama, kama vya Victorinox ya Uswisi au Tramontina ya Brazili, ndivyo mpwa angepaswa kuviulizia kwanza. Kama havipatikani Mpanda, Tabora iko kwenye reli hiyo hiyo.

Sababu kubwa ya barua hii, hata hivyo, ni kidole cha shahada cha mkono wa kushoto wa mjomba, ambacho mpwa alikuwa akikivuta utotoni akitaka kikunjwe, na hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini hakikunjiki. Katika shule ile ya bweni, ambayo haina haja ya kutajwa jina, wapishi walikuwa na visu viwili vya springi vilivyochakaa mpini lakini vilivyokata, mpaka mtunza stoo alipoleta dazeni ya visu vyeupe vyenye mipini ya bluu, akaviondoa vile viwili kwa hoja kwamba ni vya kishamba na vinaaibisha jiko mbele ya wakaguzi. Muhula haukufika katikati kabla visu vipya havijawa butu, na wapishi wakazoea kuvikandamiza kwa uzito wa bega. Jioni moja, wanafunzi wakiwa wameshapanga foleni na sahani zao, mjomba alikuwa akipasua boga kubwa la ganda gumu. Kisu hakikuingia, akaongeza nguvu, bapa likateleza juu ya ganda, na mkia wake, ambao ulikuwa ncha fupi isiyozidi kidole gumba iliyogandishwa ndani ya plastiki, ukachomoka kwenye mpini, bapa likageuka na kupita juu ya fundo la kidole. Mshipa unaonyoosha kidole ulikatika, ukaungwa vibaya, na tangu siku hiyo kidole kimesimama kama kilivyo. Kisu butu ni hatari kuliko kikali kwa sababu hiyo hiyo: kikali huingia pale kilipowekwa, butu huenda kule nguvu inakokisukuma. Kitabu cha shule kiliandika kwamba mpishi alikuwa mzembe, na maneno hayo hayakufutwa mpaka mjomba anastaafu.

Kwa hiyo mjomba aliposikia kwamba visu vya seti ile vina mipini ya rangi na ni vyepesi kama unyoya, aliuliza juu ya mkia, na aliyeleta habari hakuwa na jibu. Kabla ya malipo ya pili, mpwa anaombwa akichukue kimoja na kukitazama mgongoni mwa mpini: kisu cha kuaminika huonyesha mkia ukipita katikati ya vipande viwili vya mpini mpaka mwisho, umeshikwa kwa misumari isiyopungua miwili, au mpini wa plastiki umemiminwa juu yake ukawa mzito na hautikisiki. Kisha akinyanyue kwenye mwanga makali yakiwa juu, kwa maana makali mazuri hayarudishi nuru hata kidogo, lakini yaliyo butu huonyesha uzi mweupe unaong'aa, na mahali penye pengo pataonekana kama nukta.

Jiwe la kunolea liandamane na kisu, kwa kuwa kisu cha bei ya kati chenye jiwe hukishinda cha bei ya juu kisicho nalo. Jiwe zuri lina pande mbili, wa kukwaruza na wa kulainisha. Hulowekwa, kisu husimamishwa wima juu yake, huinamishwa nusu, kisha nusu ya nusu hiyo, na kulazwa kidogo zaidi, hapo huwa kimefika kama nyuzi 20. Upande mmoja husuguliwa mpaka kidole gumba, kikipitishwa kwa kukwepa makali, kihisi unyuzi wa chuma uliojikunja upande wa pili. Ndipo kisu kinapogeuzwa. Siku za katikati, kitako cha kikombe cha kauri, pale pasipopakwa mng'ao, kinatosha.

Mifupa ikatwe kwa panga. Kibao kiwe cha mninga au mti mwingine, wala si sahani wala marumaru. Visu visilale ndani ya beseni la maji. Kijana wa kuosha vyombo asikabidhiwe kisu bila kuonyeshwa jinsi ya kukishika.

Kisu cha babu yule aliyefua chuma hakikusahauliwa katika hesabu hizi. Kilipewa kaka mkubwa wa mpwa bila mjomba kuulizwa, kikatumika kufungulia makopo mpaka ncha ikakatika. Sasa kiko Karema, kimenolewa upya, kifupi lakini kizima, na kitampasulia mpwa samaki wake siku atakapokuja kukichukua mwenyewe. Jiwe halisubiri: limefungwa ndani ya kipande cha kitenge na kukabidhiwa dereva wa gari la Jumatatu, upande wa kijivu ndio laini. Mpwa akilipokea ampigie simu mama yake, na amweleze pia kama mwenye seti amekubali kurudisha malipo yale ya kwanza.

Mjomba